Nerima na Msumari wa Inchi Nne

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema mengi, sikilizeni. Ko. Ko. Ko. Huo ni ukuta wa studio yetu hapa Busia, nimeugonga kwa kidole. Unajibu vizuri, umeshiba. Lakini kuna ukuta ukiugonga unasema bo. Huo una njaa ndani.

Mtu aliyewafundisha wengi wetu kutofautisha sauti hizo mbili tulimzika Jumamosi. Roselida Nerima. Mama wa watoto wawili, miaka thelathini na miwili. Alikuwa akisomea ukaguzi wa nyumba, na alikuwa amebakisha mtihani mmoja. Mmoja tu, wasikilizaji: kukagua nyumba na kusema ukweli wake mbele ya watu.

Nerima alianza kama mtu wa mkono kwenye mjengo pale Malaba, akiwabebea mafundi maji na kokoto. Fundi wake alikuwa mzee Ikapel, mtu wa kabila la Wateso, wa maneno machache.

"Alikuwa na maswali kama karani wa mahakama," anasema mzee Ikapel. "Nikampa msumari wa inchi nne. Nikamwambia, mama, usiniulize mimi. Uliza ukuta."

Unakwaruza katikati ya matofali. Saruji ikikataa, vizuri. Mchanga ukimwagika, kuna neno.

Lakini kilichompeleka darasani ni kilio. Miaka minne iliyopita shemeji yake, Oduori, alifariki akiwa hana nyumba bomani kwao, karibu na Osieko. Mila mnaijua. Mtu mzima halazwi nje. Mwili sharti uingie nyumba yake mwenyewe, ndipo azikwe. Basi ikajengwa nyumba ya matofali kwa siku tatu, juu ya ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Siku tatu tu!

Nerima aliukwaruza ukuta wa nyuma. Mchanga ukamwagika kama unga wa wimbi. Baba mkwe wake, mzee Ojiambo, akamwona.

"Wewe mtoto wa watu, toa hiyo msumari kwa nyumba ya marehemu! Unataka kuniaibisha mbele ya wageni?"

Nerima alikuwa mke wa boma, mwenye adabu. Akaurudisha msumari mfukoni. Akanyamaza.

Wageni wakaondoka. Maurine, mjane wa Oduori, akabaki humo na mtoto wake. Mvua ya pili, ukuta wa nyuma ukaangukia kitanda. Maurine alimkinga mtoto kwa mkono. Mtoto alipona. Mkono haujanyooka hadi leo.

"Nerima alikuja hospitali akakaa chini, kwa sakafu," Maurine anakumbuka. "Akaniambia, dada, mimi nilijua. Nikamwambia, kama ulijua na ukanyamaza, heri ungekuwa hujui. Miezi mingi hatukusalimiana."

Mwaka uliofuata Nerima akajiandikisha masomo ya jioni hapa mjini. Alienda na mtoto wake mdogo mgongoni. Mtoto akilia, mama alisimama nyuma ya darasa, akimbembeleza kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, daftari limeegemea ukuta. Mumewe, Austine, anayefunga maturubali ya malori kule mpakani, anatabasamu akisimulia.

"Kutembelea watu ilikuwa shida. Tunakaribishwa chai, yeye anagonga ukuta. Mwenye nyumba ananiuliza, boss, kwani bibi yako anatafuta panya?"

Katika kijitabu chake cha masomo aliandika maneno haya. Nayasoma polepole. "Kilio kikiwa na haraka, jenga nyepesi. Nguzo na mabati. Marehemu atalala humo usiku mmoja. Aliye hai atalala miaka." Kijitabu hicho akampelekea Maurine. Siku hiyo, baada ya kimya kirefu, Maurine akamkaribisha ndani.

Mwezi huu moyo wa Nerima ulianza kumsumbua. Siku sita tu, akatutoka.

Sasa sikilizeni, wapendwa. Nerima na Austine walikuwa wapangaji mtaa wa Burumba, hapa mjini. Bomani hawakuwa na nyumba. Wazee wakakaa, wakasema lazima ijengwe, na iwe ya matofali, kwa heshima yake. Siku tatu. Na humo ndimo watoto wake wawili wangelala baada ya mazishi, wakilelewa na babu yao. Austine, macho yamevimba, akaitikia tu. Lori la matofali likaingia.

Maurine akasimama mbele ya wazee na kijitabu mkononi.

"Nikainua huu mkono wangu," anatuambia. "Nikasema, baba, mara ile alinyamaza kwa heshima yenu. Mara hii ameandika."

Mzee Ojiambo akautazama ule mkono. Aliutazama sana. Kisha akamgeukia dereva. "Shukisha hapo kando. Hiyo tutajenga polepole, watu wakishatoka."

Mzee Ikapel akaja kutoka Malaba, akasimamisha nguzo na mabati. Jumamosi jeneza likafika mlangoni.

"Ngojeni kwanza," Maurine akasema.

Watu wakangoja. Hata pasta akangoja. Maurine akazunguka na ule msumari wa Nerima. Alitikisa nguzo moja moja. Akagonga. Akaegemeza sikio.

Mzee Ojiambo akamuuliza kwa upole, "Mama, inasemaje?"

"Imeshika, baba. Mwingizeni."

Mzee Ikapel, kofia mkononi, akanong'ona, "Mtihani ndio huo."

Kwa Austine, kwa watoto, kwa mzee Ojiambo na boma lote, tunasema poleni sana. Mungu awafute machozi, nasi tunalia pamoja nanyi. Jana mvua kubwa ilinyesha upande wa Osieko. Asubuhi Austine alitupigia simu. Nilimuuliza habari za watoto. Akajibu, "Walilala hadi kukakucha."

Wasikilizaji wapendwa, leo kabla hujamlaza mwanao, gonga ukuta ulio karibu na kitanda chake. Ukisema ko, mshukuru Mungu. Ukisema bo, hata kama mwenye nyumba ni mzee wako, hata kama wageni wamejaa uani, mkumbuke Nerima. Usinyamaze.