Buli la Bibi wa Kwaluguru

Dorkasi hakupanda basi la Korogwe ili asikilize ya watu. Lakini kama macho hayana pazia, masikio yatalitoa wapi?

Kwenye kiti cha mbele yake, dada mmoja alimkabidhi mzee aliyeketi naye buli la kauri, tupu, jeupe lenye maua ya buluu. "Si unanunua vitu vya zamani, mzee? Lilikuwa la bibi yangu."

Mzee akaligonga kwa ukucha, likalia kama kengele. "Halina ufa. Na muhuri huu ni wa Kijerumani. Halipungui laki tatu." Kisha akabandua nta iliyogandishwa kitakoni. "Tundu hili umeliziba wewe?"

"Lilitoboka tu, mzee."

"Limetobolewa. Kwetu Kwaluguru chombo cha marehemu hutobolewa hivi, kikawekwa juu ya kaburi lake, ili asikitumie mwingine. Umelitoa wapi, mwanangu?"

"Jikoni kwa bibi!" Dada alicheka kicheko cha mtu anayehojiwa na polisi. "Unatafuta kushusha bei tu."

"Basi mbona lina joto?"

"Jua hilo, la dirishani."

Mvua ilikuwa haijakatika tangu Handeni.

Basi liliposimama Korogwe, mzee alimrudishia buli lake haraka. "Sema bei basi!" dada akang'ang'ania.

"Bei mwulize mwenyewe," mzee akasema, akashuka.

Dorkasi akainama kuchukua mfuko wake sakafuni. Ulikuwa umelowa. Akanusa vidole: chai ya tangawizi, bado ya moto.