Madaftari Matatu ya Hawe

Bwana asifiwe! Na ninyi mlioguna mliponiona nasimama, asifiwe vilevile. Leo sikuja kuigiza sauti ya mchungaji.

Ndugu zangu, Hawe, bibi yangu mzaa mama, alikosa usingizi tangu babu alipozikwa. Mama akampeleka zahanati hapa Marereni, akaandikiwa vidonge vya usingizi. Mjomba akaona havimtoshi, akampeleka kliniki ya Malindi. Mama mdogo naye akampeleka kwa daktari wa Sabaki. Na mnatujua sisi: kila daktari na daftari lake, usimwonyeshe huyu la yule, atahisi umemdharau! Madaftari yenyewe yalitoka mkobani mwangu. Kwenye moja nilikuwa nimemchora mwalimu wa hesabu akiwa mbuzi. Daktari akaandika "aendelee" chini ya ndevu za mbuzi, mwezi baada ya mwezi. Hakucheka. Wala hakuuliza kitu.

Hawe akawa wa kusinzia na sahani mapajani. Akaniita kwa jina la dada yake marehemu. Mimi nikaitika, "Naam, dada!" nikacheka hadi mbavu zikauma. Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni, maana hili Hawe mwenyewe hajawahi kulisikia. Likizo iliyopita mama alikuwa kazini kwenye kiwanda cha chumvi, nami nikaachiwa Hawe. Nilitaka kwenda kusukwa kwa rafiki yangu, naye Hawe ananiita kila dakika. Basi saa sita mchana nikampa vidonge viwili vya usingizi, nikamwambia ni vya presha. Akameza, akasema, "Ahsante, mjukuu wangu."

Niliporudi nilipokewa na harufu. Hawe alikuwa ameanguka jikoni, mkono uko ndani ya makaa. Ndugu zangu, hakulia! Nikamvuta, nikamzaba kofi, nikapiga yowe. Alikuwa akipumua kama mtu anayesahau.

Hospitalini muuguzi akayadai madaftari, akayapanga kitandani. "Dawa ileile, mara tatu! Nani kati yenu alimwuliza kwa nini halali?"

 Mimi mwenye mdomo nikajificha nyuma ya mama.

Hawe alipozinduka, muuguzi akamwuliza mwenyewe. Hawe akajibu, "Nikijilaza namsikia mume wangu akikohoa."

Hawakumkatia vidonge ghafla. Walisema hilo lingemdhuru. Walimpunguzia kidogo kidogo, daktari mmoja, daftari moja. Jamani, tuliona moto! Alitetemeka, akatutukana hadi ukoo wetu, nao ni ukoo wake. Mchana tukamnyima godoro, asubuhi tukamtembeza shambani. Akamlilia babu kwa sauti, mama akalia naye. Kisha siku moja akaamka ananidai uji, kwa jina langu mimi. Haleluya!

Lakini vidole viwili vya mkono ule havikunjiki tena.

Wenye wazee nyumbani, mtumainini Bwana. Msivitupe vidonge kwa pupa. Bebeni kila daftari mpeleke kwa daktari mmoja, mmwulize bila haya: hadi lini? Na mzee mwenyewe mwulizeni kinachomkesha.

Hawe, umekaa hapo mbele, u macho kabisa. Vilikuwa viwili. Havikuwa vya presha. Namshukuru Mungu kwamba umenisikia kila neno. Sasa nashuka, naja kukaa kando yako, ukinikubali.