Bi Muriel Chedzoy na Kimya cha Ubeti wa Nne

Inatangazwa kwa masikitiko makubwa kwamba kuanzia Ijumaa, tarehe 27 Juni, birika la chumba cha mazoezi halitakuwa na mwenyewe. Atakayetaka chai ajichemshie.

Aliyekuwa akilitawala, Bi Muriel Chedzoy, anastaafu siku hiyo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanga na kutunza nota za Bendi ya Mji wa Aldercombe. Alipoanza, kabatini mlikuwa na panya wengi kuliko nota. Leo mna nyimbo mia nne na kumi na mbili, zote kwa penseli yake.

Namna anavyofanya sijaielewa hadi leo. Huchukua wimbo aliouimba mtu mmoja jikoni, akawagawia wapulizaji arobaini, na kila mmoja akaamini kwamba tonge nono kapewa yeye. Hata mimi wa tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, ambaye nota zangu ni mbili, na moja huikosa.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Bi Ada Vowles, ajuza wa miaka tisini na mmoja, alimwimbia Muriel wimbo wa marehemu mama yake, aliokuwa akiuimba huku akisukasuka maziwa apate siagi. Hakuna mwingine duniani aliyeujua. Bibi aliomba jambo moja tu: ausikie ukipigwa sawasawa kabla hajafa.

Muriel aliupanga, akayanyoosha mapigo yake yaende kama gwaride. Tulifurahi sana. Bibi alikuja mazoezini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzuri, mwanangu," alisema. "Ila si wa mama. Ubeti wa nne, kabla ya mstari wa mwisho, mama alikuwa ananyamaza, anasikiliza kama siagi imeshika. Ninyi mnamkimbiza aende wapi?"

Muriel alichana kurasa zote kumi na mbili, akaanza upya. Safari hii mapigo yalipinda kama pumzi ya bibi mwenyewe. Tulilalamika. Percy Keirle wa klarineti alidai hata bata hatembei hivyo.

"Bata anajua anakokwenda, Percy," Muriel alimjibu. "Hesabu."

Hofu yetu moja tu ndiyo aliyoisikiliza: kwamba watu arobaini wakinyamaza pamoja hawatarudi pamoja. Basi kwenye kile kimya akaacha nota moja nzito ya tuba, itushikilie.

Kilichotokea siku ya onyesho kila mtu mjini anakisimulia: bendi nzima ilinyamaza, na katika kimya kile Bi Ada, kutoka kiti cha mbele, akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akauimba mstari wa mwisho mwenyewe. Muriel, aliyekuwa akituongoza, alishusha kifimbo. Tulimfuata bibi taratibu, wengine machozi yakiwadondokea kwenye ala. Watu husema Muriel alikuwa na akili nyingi kuupanga hivyo, na mimi husifiwa kwa kujizuia.

Ukweli ni huu. Nilipotea kwenye hesabu. Nota ile ilikuwa yangu, na sikuipiga.

Nilimfuata Muriel baadaye kuomba radhi. Alichukua karatasi yangu, akatoa kifutio, akaifuta ile nota. Mpaka leo haipo.

Asante, Muriel. Nenda ukapumzike salama, uwe na afya na siku ndefu. Na pale palipo kimya, tunakuahidi, hatutatia kitu.