Shigela Alipimwa Akiwa Amelala

Wazee shikamooni, wafiwa poleni, familia imenituma nisome wasifu. Huyu tunayemsindikiza leo, Jumanne tarehe 13 Oktoba 1998, ni Shigela Luhende, aliyezaliwa Kigongo tarehe 2 Agosti 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, akafanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba hadi walipopunguzwa mwaka 1993, ndipo akaingia kiwanda cha samaki kukata minofu ya sangara hapa mjini. Alifunga ndoa na Dorcas Maige tarehe 6 Desemba 1986, wakaishi Pasiansi, wakajaliwa Odeta, Venant na Rose.

Damu ya pua ilimtoka tangu mdogo, kama mama yake, watu wakasema ndiyo ukoo wao ulivyo, ila mwaka 1996 akaanza kuishiwa pumzi, na ajabu yake akilala yuko sawa, akisimama tu midomo inageuka bluu, basi kiwandani wakamwita Bwana Kitanda, akawa anacheka nao, akifika nyumbani hali chakula. Akamezeshwa dawa za kifua kikuu miezi minane, ilhali makohozi yalishapimwa mara tatu yakaonekana hayana kitu.

Juni 1997 akaja daktari mgeni na kipimo cha kubana kidoleni, kinachoonyesha damu imebeba hewa kiasi gani, Shigela akapimwa kitandani, kikasoma tisini na nne kwa mia, karibu na kawaida, akaambiwa nenda nyumbani. Dorcas akasema, "Msimamisheni basi jamani!" akajibiwa, "Mama, mgonjwa hapimwi kama askari wa gwaride." Mwaka mzima na zaidi ukapotea hivyo, kwa kitu cha dakika moja.

Tarehe 8 Septemba 1998 Daktari Chenge wa hospitali ya hapa mjini akamsimamisha, namba ikashuka hadi sabini na nane, akaeleza kwamba mapafuni kuna mishipa iliyoungana vibaya, damu inakatiza bila kupata hewa, na akisimama nyingi zaidi inateremkia huko, hata vijidudu vinapita moja kwa moja hadi kichwani, na kwamba ugonjwa huo, ambao dalili yake ni hiyo damu ya pua, unarithiwa. Ikabaki kwenda Dar es Salaam, ili kuthibitisha achomwe sindano ya maji ya chumvi yaliyotikiswa hadi yakatoa mapovu, halafu waangalie moyo kwa mashine ya picha kama mapovu yanavuka upande wa pili wa moyo. Hakufika. Usaha ulimjaa kichwani, akafariki Jumapili tarehe 11 Oktoba.

Sasa jana Rose katokwa damu puani hapa hapa msibani. Daktari Chenge anahama Ijumaa, kasema watoto waletwe hospitali Alhamisi wapimwe, na baba mkubwa Luhaga, kaka wa marehemu, anasema mtoto wa marehemu hatoki kabla matanga hayajaanuliwa. Baba mkubwa, kwa heshima zote, mila tutaimaliza, watoto waende. Shigela mwenyewe alimwambia Dorcas wiki iliyopita, "Mimi wamenichelewesha, hao wasicheleweshwe."

Familia inamshukuru Daktari Chenge, manesi, majirani wa Pasiansi, na wenzake wa kiwandani, hata wale waliomtania. Pumzika kwa amani ya Mungu, Shigela, na Alhamisi saa mbili asubuhi Dorcas anaondoka na watoto wote watatu.