Alikukosea Nini Dokta Tilaye?

Kijiwe cha Etagegn kipo mtaa wa Sikela, pale barabara ya Sodo inapotoka stendi ya mabasi: benchi moja refu ambalo mguu wake wa nne ni tofali, vigoda viwili, jiko la mkaa, jebena nyeusi ya kuchemshia kahawa na sahani ya bisi. Benchi lina wenyewe. Kuna Kanali, mzee ambaye hajawahi kuvaa gwanda hata la kuazima. Maisha yake yote alikuwa mpiga debe wa stendi. Kuna Redio, kinyozi, ambaye kila kichwa anachokinyoa kinamwachia habari. Na kuna Wubshet, mwenye duka la mabomba na koki hapo ubavuni, anayeitwa Injinia kwa kuwa aliwahi kufika mwaka wa tatu chuo kikuu kabla ya kuacha. Asubuhi hiyo lori jeupe lilisimama ng'ambo kwa fundi wa matairi, na ubavuni lilibeba picha kubwa kuliko mlango wa kanisa: Dokta Tilaye wa chuo kikuu anashikana mkono na mwenye kiwanda cha plastiki, wote meno nje, na katikati yao ndoo ya bluu ya kuchujia maji, yenye koki. Chini pameandikwa: Maji safi kwa wakimbizi wa Gambella. Kijiwe kizima kililiona lori, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja.

— Tilaye kanenepa, Redio alisema hatimaye.

— Hajanenepa, kavimba, alisema Kanali. Kula na wenye viwanda kunavimbisha. Chumvi nyingi.

— Hiyo ni picha tu, jamani, Etagegn alisema huku akipepea mkaa. Juzi nimemwona kanisani, mwembamba vilevile.

Wubshet alichuma jani la kunukia la tena-adam kwenye kikopo, akalitumbukiza kwenye kahawa yake, akaanza kulikoroga kana kwamba lina kosa. Aliketi dawati moja na Tilaye tangu shule ya msingi. Walikula injera kwenye sinia moja. Na sasa mwenzake yuko ubavuni mwa lori, yeye yuko benchini, na jua lile lile linawapiga wote wawili.

— Mimi nina habari za ndani, Redio alisema. Kuna mhasibu wa kiwanda nilimnyoa. Mwenye kiwanda ana binti hajaolewa. Unadhani tajiri anatoa mitambo yake yote kwa ajili ya chuo kikuu hivi hivi? Tilaye kaposa ndoo na binti kwa mpigo mmoja.

— Tilaye ana mke, wewe, Etagegn alisema. Na watoto.

— Ndiyo hapo sasa! Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu kaacha ufa makusudi, ona kiwanda kilivyopata kuta.

— Hujui lolote, Kanali alimkatiza. Mambo ya binti ni madogo. Mimi nimekaa stendi, najua mizigo. Kila ndoo pale ina kidude ndani. Mkimbizi akifungua koki, huko Ulaya taa inawaka: fulani kanywa. Wanahesabu watu kwa kiu.

— Wawahesabu ili iweje, mzee? Etagegn aliuliza.

— Ili wajue mwenye kiu kuliko wote.

— Halafu?

— Halafu wamnyime.

Redio alitikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kwa kuona wivu kwamba nadharia hiyo hakuianza yeye. Ikabidi apande juu zaidi.

— Basi ngoja niwaambie la kweli. Yale maji ukiyanywa mwezi mmoja, unasahau kwenu. Ndiyo maana vita inaisha na watu hawarudi. Si chujio lile, ni dawa ya usahaulifu. Maji ukiyavulia nguo lazima uyaoge, na ukishayaoga hujui nguo uliiacha wapi!

— Mama yangu, Etagegn alicheka mpaka akashika kiuno. Ungeyanywa wewe, usahau deni la kahawa!

Simu ya Wubshet ilitetemeka juu ya benchi. Aliitazama, akaona jina, akailaza kifudifudi.

— Nani? Redio aliuliza.

— Mteja. Anataka koki.

Hakuwa mteja. Jina lile lilikuwa limempigia tangu juzi, na kila lilipopiga Wubshet alihisi kitu kinampanda kifuani kama kiungulia cha pilipili. Anataka nini? Anataka anisomee alivyofanikiwa? Akaisukuma kahawa pembeni.

— Mnasema upuuzi tu, alisema. Hakuna binti, hakuna kidude. Wazo ni langu.

Benchi likamgeukia lote. Hata mguu wa tofali ulilia.

— Lako vipi, Injinia?

— Tukiwa mwaka wa pili, mvua ilinyesha milimani, maji ya bomba bwenini yakaja mekundu kama matope ya tofali. Nikamwambia Tilaye, tusage mbegu za mlonge tutie humo. Tukasaga, tukakoroga, tukangoja. Wallahi, uchafu wote ulishuka chini wenyewe, juu pakabaki maji ya kung'aa. Watu walikuja kutoka vyumba vingine kutazama ndoo yetu. Wazo la nani? Langu.

— Bibi yangu alikuwa anatia mbegu hizo kwenye mtungi kila masika, Etagegn alisema taratibu. Naye aliibiwa?

— Si hivyo, Etagegn. Bibi yako hakulisema chuo kikuu.

— Haya, ikawaje? aliuliza Kanali.

— Keshokutwa yake maji yakanuka. Mbegu zilizobaki ndani zilioza. Tulifukuzwa bwenini na ndoo yetu. Halafu baba yangu akaugua, nikarudi nyumbani kushika duka. Tilaye akabaki. Akasota na ule uvundo miaka, akaenda kuwaangukia wa kiwanda, wakamwekea mitambo. Sasa wanakamua nguvu ya mbegu, wanaigandisha kwenye mchanga, yale ya kuoza wanayasuuza yote yanakwenda zake. Maji yanapita kwenye mchanga, hayanuki tena. Nani alitajwa? Tilaye. Nani yuko ubavuni mwa lori? Tilaye. Jina langu limetajwa wapi?

Alisema mpaka sauti ikapanda. Alikuwa amelisema hilo moyoni mara nyingi mno hata lilikuwa laini, halina ncha ya kumchoma yeye mwenyewe. Na benchi likalipokea kama mkate wa moto.

— Mwizi! alisema Redio. Haba na haba hujaza kibaba. Alikuibia kidogo kidogo.

— Asiyekuwapo na lake halipo, alisema Kanali kwa hasira. Ulipotoka tu chuoni, akagawa.

— Mpeleke mahakamani, Injinia, Redio alisema. Mimi shahidi.

— Ulikuwepo? Etagegn aliuliza.

— Kwani shahidi lazima awepo?

Hapo ndipo dereva wa lori alipovuka barabara, akifuta mikono yenye vumbi la tairi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, akainama kidogo mbele ya mzee kabla ya kusema.

— Hamjambo, gashe, mzee wetu. Naomba kahawa. Halafu namtafuta mtu mmoja, mwenye duka la mabomba. Anaitwa Wubshet.

Kanali alitazama bisi. Redio alitazama angani kama anayesubiri ndege. Wubshet alijiona anatazama vidole vyake, na akashangaa kwamba wenzake hawamtaji. Aliwashukuru moyoni. Kisha, alipomtupia jicho Redio, aliona kuwa uso ule anaujua: ni uso wa mtu asiyependa mwenzake aitwe.

— Huyo hapo, Etagegn alisema, akamwelekeza kwa kijiko. Benchi zima limepata ububu.

Dereva alifurahi, akampa mkono.

— Dokta Tilaye kakupigia sana, kaka. Ametangulia Gambella kwa ndege ndogo ya wale wa misaada. Kaniambia nikupitie. Kiti cha mbele ni chako. Ndoo za kwanza zinafunguliwa kambini, na yeye anasema hafungui mpaka mwenzake wa ile ndoo ya bwenini awepo.

— Mwenzake? Kanali aliuliza, kama neno hilo limetumika vibaya.

— Ndivyo alivyosema. Hata wale wa kiwanda kawaambia: tulikuwa wawili.

Wubshet alihisi kiungulia kile kinatafuta pa kukaa na hakipaoni.

— Na kuna jambo kaniambia nikuulize, dereva aliendelea, akipokea kikombe kwa mikono miwili. Nisamehe, mimi natumwa tu. Anasema umemnunia tangu ulipotoka chuo, simu hupokei, mwanawe alipobatizwa hukuja. Anauliza: alikukosea nini? Anataka kujua ili aombe radhi.

Mkaa ulipasuka kidogo jikoni. Wubshet alifungua kinywa. Jibu lilikuwepo sasa hivi, lilikuwa mdomoni.

— Mwambie habari ya mbegu, Redio alimnong'oneza.

Mbegu. Alizikumbuka mbegu zile. Walizichuma wote wawili, yeye akiwa juu ya mti, Tilaye akishika kapu chini, na mti ulikuwa wa mama yake Tilaye. Mama huyo aliwapa chai siku ile.

— Mwambie alikutoa chuoni, Kanali alijaribu.

Baba ndiye aliyemtoa chuoni, na Tilaye ndiye aliyembebea godoro hadi stendi, akalia kabla yake.

— Basi mwambie... Redio alisema, akaishiwa.

Dereva alikuwa anangoja kwa adabu, akinywa kwa mafundo madogo. Etagegn aliacha kupepea. Wubshet alitazama ng'ambo, pale kwenye picha, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliona jinsi Tilaye alivyocheka: kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyeambiwa acheke. Akasimama, akamrushia Etagegn funguo za duka.

— Nifungie jioni, dada. Mwambie mama watoto nimekwenda Gambella.

— Injinia! Kahawa ya baraka, ile ya tatu, bado!

— Kunyweni nyinyi.

Kiti cha mbele kilikuwa cha moto kwa jua. Dereva aliwasha injini, akaiacha iungurume kidogo, na kupitia dirishani Wubshet aliwasikia wazi kabisa.

— Umeona? Redio alisema. Siku zote nilisema yule ana mkono mle ndani. Mtu hafuatwi na lori bure.

— Halafu huo mwaka wa tatu, Kanali alisema, nani kati yetu alikiona cheti chake?

— Wala mama yake hakukiona!

— Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Na kilikuwa kimekaa hapa hapa, kinakula bisi zetu.

Etagegn aliinamisha jebena juu ya vikombe vyao. Yakatoka mashapo tu. Wubshet alitaka kutoa kichwa awajibu, lakini lori lilikuwa limeshaingia barabara ya Sodo, na kijana aliyeshika usukani alimtazama mara moja, akarudisha macho mbele, bado akingoja jibu.