Siku Thelathini za Pastory

Mwaka ule wa themanini na tatu, sukari ikiwa ya foleni, sisi wa kijiwe cha Bukima tulinywaga kahawa chungu na maneno matamu. Benchini tulikuwa watatu: Jaji, aliyewahi kufagia mahakama miaka miwili, Redio, ambaye redio yake haikuwa na betri tangu Pasaka, na mimi, ambaye hakimu mmoja wa Bunda alishaniomba ushauri, sema hamkuwepo tu. Akaja jirani yetu Pastory, akitoka mahakamani Musoma, vumbi mpaka kwenye kope.

– Wamekataa rufaa yangu. Siku thelathini zimepita, na nne juu. Shamba la ziwani ndiyo limekwenda kwa ndugu yangu Magesa.

– Si mlikuwa matangani? – akauliza Redio.

– Ndiyo! Baba mdogo alipofariki, mimi na Magesa tulilala kwenye moto mmoja wa matanga. Akaniambia, ndugu yangu, kesi haitembei kwenye matanga, tuiache mpaka tunyolewe nywele za msiba. Nikaiacha.

Jaji akakohoa kiofisi.

– Usiogope. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake sheria inaanza kuhesabu siku ya tatu! Toa na Jumapili.

– Wewe ulifagia vumbi, sheria hukuifikia, – akasema Redio. – Kalenda zenyewe mwaka huu hazikuja dukani. Serikali itamdaije mtu siku ambazo haikumletea?

Nikaona wananipotezea muda.

– Nyie bado wachanga. Mfiwa mwenye nywele hashiki jembe, haendi mnadani. Siku zile si zake, ni za marehemu. Kwa hiyo aliyechelewa rufaa ni marehemu. Wakamkamate!

Tukacheka. Hata Pastory alijaribu.

Mkewe, Wegesa, alikuwa anapita na jembe begani. Akasimama.

– Baba Boke, karani wa mahakama kasemaje?

– Kasema naweza kuomba niongezewe muda, nikipata mtu wa kuapa kwamba Magesa alinizuia.

Wegesa akatugeukia.

– Shemeji zangu, Magesa alipoyasema hayo pale motoni, nani alisikia?

Jaji, anayevua kwa mtumbwi wa Magesa, akachungulia kikombe chake. Redio, ambaye binti yake ameposwa na mtoto wa Magesa, akaanza kukagua nyumba ya betri. Na mimi, niliyekuwa nimejifunika blanketi moja na Magesa usiku ule, nikamwambia muuza kahawa aniongezee.

– Hicho hujakimaliza, mzee, – akasema.

Wegesa akashusha jembe chini, akasubiri.