Mipira Yenye Ba Tonton Balinitupia

Ba papa, ba maman, ndugu zangu, mukae kwanza. Mimi nikiona batu bengi bamesimama mbele yangu, miguu inatafuta fasi ya kukimbilia. Ni kazi yangu njo ilinizoesha vile.

Bengine bananijua: ule kijana wa Evere, mutaa yetu, wa "mpira ya kofia". Ni football ya ba Américains. Ballon yake iko kama papai ndogo. Mumoja anatupa, mimi nakimbia mbele, nageuka, nadaka, na wanaume bakubwa kama frigo bananiangusha. Donc, kudaka njo ilikuwa mukate yangu. Nilianzia hapa Bruxelles, nikaenda Ufaransa, Ujerumani, Poland, nikarudi Ujerumani kwa timu ingine. Kila fasi contrat ya saison moja, na valise ya nguo yenye haimalize kufunguliwa. Maman yangu alikuwa ananiuliza ku téléphone, "Mutoto yangu, sasa uko kwa nani?" Kama vile niko bibi ya kuolewa kila mwaka! Mucheke tu. Mimi sikukuwa nacheka.

Kisha goti ikakatika ndani. Coach alikuja ku hôpital na maua, na club ikaniambia asante, kwenda zako. Nikarudi kwa maman, Evere, naegemea béquilles, zile fimbo za kutembelea. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha: nilikuwa nakaa ku dirisha, naangalia bus zinapita, nasikia haya mpaka mu mifupa. Nilijua kitu moja tu mu maisha, na ile kitu ilinikataa.

Bon, Mungu akaponesha goti. Club moja ya hapa ikakubali kunijaribu kisha hiver, baridi ikiisha. Lakini kudaka peke yako hauwezi. Nani atanitupia?

Munajua desturi yetu ya samedi, kila Jumamosi hapa ku kanisa. Ba maman ba chorale banafanya répétition ya nyimbo ndani, ba papa banabangojea inje ku parking, banabishana politique ya Congo mpaka sauti inakauka. Siku moja nilimuleta maman, ballon iko chini ya mukono. Tonton mumoja kati ya bale ba papa, cravate ku shingo, viatu inang'ara, akasema: "Leta ile kitu, kijana. Nikutupie."

Seigneur! Ballon ikaenda moja kwa moja ku kioo ya gari ya pasteur. Pasteur, unisamehe, haikukuwa mimi! Mwengine akasema, "Weye haujue, leta hapa!" Naye akatupa mubaya kumupita. Politique ikasahauliwa. Tangu pale, samedi yote bananingoja: "Kimbia! Unafikiri utakula bure?" Hakuna hata mumoja alitupa sawasawa. Nilidaka ballon ku magoti, nyuma ya mugongo, katikati ya ma poubelle ya takataka. Na nilianza kucheka tena.

Club ikanichukua, lakini kwa banc, kuangalia tu bengine banacheza. Nikakaa pale saison nzima, mpaka finale. Mvua inanyesha, mutupaji yetu akaumia bega, bakaingiza mwengine, mugeni mu kazi, kila ballon anaitupa upande. Wenzangu badakaji bakashindwa, juu bamezoea ballon yenye kunyooka. Coach akaniita. Naona ballon inakuja, inayumba kama kuku yenye kukimbia kisu. Nikasema: ah! Hii ni ya ba tonton!

Nikadaka. Nikadaka ingine chini kabisa. Na ya mwisho, saa inaisha, nikairukia juu ya vichwa vya wanaume babili, nikaanguka nayo ndani ya ligne ya kufunga. Tulishinda, ndugu zangu! Tulishinda! Na ku tribune, fasi ya batazamaji, nasikia makelele: "Ni mimi njo nilimufundisha!" Kila tonton anasema ni yeye.

Leo niko capitaine, na valise maman aliipatia muntu.

Ba maman ba chorale, aksanti kwa kukawia na zile nyimbo. Ba tonton, aksanti sana. Na weye mwenye uko chini leo, usingojee mwenye anajua. Mwenye iko karibu na iko na roho, mupatie ballon. Ba professionnels balinitupia muzuri mu inchi tatu za kigeni, kisha bakaniacha. Hawa hapa hawajue kutupa hata leo, lakini hawakuniacha.